Ticha wa Tanga Jijini Hanoi



Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe wa sauti. Ana shahada ya ualimu, masomo yake ni Kiingereza na Historia. Huu ni mwaka wa nne tangu amalize chuo. Kila ajira zinapotangazwa anaomba, majina yanatoka, lake halimo. Kwa sasa anauza vocha na kutoa huduma za pesa za simu kwenye kibanda cha shemeji yake. Mtu kamwambia kwamba Vietnam wanatafuta walimu wa Kiingereza mpaka wanawakosa. Akaniuliza: "Kaka, wewe si uliishi Hanoi? Niende, nisiende?"

Nilitazama namba yake nikacheka peke yangu. Ni ya Halotel. Dada anauliza kama aende Vietnam, kumbe Vietnam imo mkononi mwake tangu mtandao ule ulipoingia Tanzania mwaka 2015. Mwenye mali ni kampuni ya Viettel, na makao yake makuu yako Hanoi hiyohiyo.

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo hewani, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Nilitua uwanja wa Noi Bai Februari 2023, usiku, nimevaa shati la mikono mifupi. Mimi ni mtoto wa Tanga, wa Chumbageni, na Asia niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya mpunga, minazi na jua. Hakuna aliyeniambia kwamba kaskazini mwa Vietnam kuna majira ya baridi, wala kwamba nyumba nyingi za kule hazikujengwa kwa ajili ya baridi hiyo. Kuna manyunyu ya mwanzo wa mwaka, wenyewe huyaita mưa phùn: hayanyeshi ukasema inanyesha, hayakatiki ukasema imekatika. Halafu kuna kitu kinaitwa nồm. Hiki nilikijua kwa nyayo kabla sijakijua kwa jina. Niliamka, nikakanyaga sakafu ya vigae, nikaikuta imelowa kama mtu kamwaga ndoo. Nikakimbia kumgongea mwenye nyumba kumwambia bomba limepasuka. Akaja na kandambili zake, akaangalia sakafu, akanigusisha mkono ukutani: ukuta nao unatoka jasho. Akacheka, akaenda zake. Hewa nzito ya unyevu ikikutana na vigae vya baridi, basi nyumba nzima inalia. Nguo nilizofua Jumatatu, Ijumaa bado mbichi, zinanuka kama gunia la dagaa lililonyeshewa. Kwa hiyo anayekwambia usibebe sweta kwa kuwa Asia ni joto, muulize aliishia wapi.

Asubuhi ileile ya sakafu iliyolowa nikasimama ukingoni mwa barabara nivuke. Dar tunalalamika juu ya bodaboda. Hanoi bodaboda ni kila mtu. Baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja. Friji juu ya pikipiki. Kabati la nguo, zima, juu ya pikipiki. Nikangoja nafasi dakika kumi, na nafasi haikuja kwa sababu haipo. Mama mmoja aliyebeba mzega begani, vikapu viwili vya matunda vinaning'inia, akanishika mkono wa shati akaingia nami katikati ya ule mto bila hata kugeuza shingo. Mimi nilifumba macho. Tulipofika ng'ambo akaniachia akaendelea na biashara yake. Siri yake niliielewa baadaye: unatembea kwa mwendo mmoja, hukimbii, husimami, na Mungu akuepushe na kurudi nyuma. Waendeshaji wanakukadiria na kukupitia pembeni. Na wamevaa helmeti, dereva na abiria, maana tangu Desemba 2007 ni lazima kisheria. Vijana wangu wa bodaboda wa Tanga mnaotundika helmeti kwenye kioo cha pembeni, salamu zenu. Bodaboda yenyewe kule inaitwa xe ôm, yaani chombo cha kukumbatia. Ukipanda mara moja wakati wa mvua huulizi tena kwa nini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae miaka miwili badala ya miezi sita niliyopanga.

Chini ya nyumba niliyopanga kulikuwa na bibi mmoja muuza chai ya barafu, trà đá, vigoda vya plastiki vimepangwa ukutani, vifupi kiasi kwamba magoti yanakufikia kidevuni. Siku ya kwanza nilikunywa glasi moja, nikampa noti ya bluu, nikaondoka. Nimefika kwenye kona, nasikia mtu anapiga kelele nyuma yangu. Ni bibi, anakimbia na kandambili, noti juu. Noti nyingi za Vietnam ni za plastiki na zina sura ya Ho Chi Minh, na ile ya 20,000 na ile ya 500,000 zote ni za bluu. Nilikuwa nimelipia glasi ya chai kwa laki tano. Dong laki tano ni kama dola 20. Bibi alinirudishia, akanikalisha tena kigodani, akanipa glasi ya pili, akaniuliza swali kupitia simu ya kijana aliyekaa jirani. Simu ikatafsiri: "Umezaliwa mwaka gani?"

Nikadhani ni mambo ya usalama. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa, akaniambia nimwite bác, naye ataniita cháu. Kwisha. Tangu hapo nilikuwa na mtu wangu Hanoi.

Kivietnam, msikilizaji, hakina "mimi" na "wewe" za kumwagia kila mtu. Yapo maneno ya namna hiyo, lakini ni makavu, ya ofisini. Watu wanaitana kwa udugu. Aliyekuzidi kidogo ni anh kama ni mwanamume, chị kama ni mwanamke. Mdogo wako ni em. Rika la wazazi wana majina yao, wakubwa wao na wadogo wao, mababu na mabibi wana yao, na wewe mwenyewe unajitaja kama mjukuu, mtoto au mdogo mtu kutegemea unaongea na nani. Bila kujua umri wa mwenzako huwezi hata kuanza sentensi. Ndiyo maana wanauliza mapema. Walimu wenzangu kutoka Kanada na Uingereza walikuwa wanaudhika kwelikweli: kwa nini mtu nisiyemjua ananiuliza umri? Mimi sikuudhika hata siku moja. Sisi tunampima mtu kwa jicho tangu mbali, huyu ni wa shikamoo au ni wa mambo vipi, na ukikosea unaambiwa huna adabu. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wanauliza wazi.

Siku ya kwanza darasani watoto ishirini walisimama kwa pamoja, wakafunga mikono kifuani, wakaimba: "Em chào thầy ạ!" Yaani, mimi mdogo wako nakusalimu, mwalimu, na ile "ạ" ya mwisho ni heshima tupu, haina maana nyingine. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Marahaba!" Wakatazamana. Wakacheka. Kesho yake mmoja akanisalimu halafu akajijibia mwenyewe marahaba. Baada ya mwezi, kituo kizima kilijua kwamba thầy yule mweusi ukimsalimu anasema marahaba, na wahudumu wa mapokezi nao wakaianza. Sijui kama neno hilo bado linasikika pale. Natumaini linasikika.

Na chakula vilevile. Nilialikwa nyumbani kwa mwanafunzi, na kabla hajashika vijiti, yule mtoto aliwakaribisha wakubwa mezani mmoja mmoja: babu karibu chakula, bibi karibu chakula, baba karibu, mama karibu, mpaka akafika kwangu. Nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, ambaye ukianza kula bila kusema karibuni anasogeza sinia. Upande wa kitoweo, mimi ni Mwislamu, na Hanoi nguruwe yuko kila mahali, mpaka kwenye supu ya mboga. Sentensi ya kwanza ya Kivietnam niliyoikariri ikatoka ulimini sawasawa ni tôi không ăn thịt lợn, sili nyama ya nguruwe. Msikiti upo, mtaa wa Hàng Lược, wa tangu mwishoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara wa Kihindi ndio walioujenga. Ijumaa unakutana na dunia nzima pale.

Lugha yenyewe ni mlima. Ina toni sita. Neno bàn ni meza, bạn ni rafiki, bán ni kuuza. Herufi zilezile, sauti inashuka, inakatika, inapanda. Nilimtambulisha mwalimu mwenzangu kwa bibi wa chai nikasema huyu ni meza yangu. Bibi akamkaribisha meza akae. Kwetu tuna barabara ya kupita magari na barabara ya sawasawa, tunazitofautisha kwa mkazo tu, na mgeni akizichanganya tunamcheka. Sasa jaribu kuishi katika lugha ambayo maneno yake mengi ni ya namna hiyo.

Lakini kilichonifunza ualimu ni mkia.

Mvietnam hana neno linaloishia na s katika lugha yake. Konsonanti za mwisho alizonazo ni chache, na hata hizo huzimeza. Kwa hiyo mtoto akisoma Kiingereza, mwisho wa neno unadondoka njiani. Nice inakuwa nai. Nine inakuwa nai. Five inakuwa fai. Anataka kusema anapenda wali, anasema "ai lai rai." Walimu wengine walikuwa wanarudia neno kwa sauti kubwa zaidi, kama vile mtoto ni kiziwi. Rice! Rice! Mtoto anajibu rai, rai, na machozi yanamlengalenga, kwa sababu masikioni mwake amesema kilekile alichosema mwalimu.

Mimi nikajikuta nimerudi darasa la tatu, shule ya msingi, Tanga. Mwalimu anasema rice, sisi tunasema raisi. Anasema book, tunasema buku. Mdomo wa Kiswahili hauachi neno likiishia hewani, lazima ulivishe irabu: benki, basi, shati, koti. Wao wanakata mkia, sisi tunaongeza. Na nikakumbuka kidato cha kwanza, siku ile karibu masomo yote yalipogeuka kuwa ya Kiingereza asubuhi moja, na kile kibao cha shingoni alichovishwa kila aliyeteleza akasema Kiswahili. Nilikivaa wiki mbili mfululizo. Najua aibu ya lugha ya kigeni ina ladha gani mdomoni.

Nikaenda ubaoni, nikachora mjusi. Kule mijusi wa ukutani wapo kama kwetu, wanajibanza karibu na taa. Nikamchora hana mkia, nikaandika chini yake rai. Nikachora wa pili mwenye mikia miwili, nikaandika raisi, nikajigonga kifua: huyu ni mimi nilipokuwa kama nyinyi. Nikachora wa tatu mwenye mkia wake mmoja, nikaandika rice. Darasa likaangua kicheko. Binti mmoja wa mstari wa mbele, skafu nyekundu ya shule bado iko shingoni, akasimama akasema "rai", akanyamaza, akapeleka mkono nyuma ya mgongo, akautikisa kama mkia, akamalizia: "sss." Kuanzia siku ile sikurudia neno kwa kelele. Mtu akisahau, wenzake wanatikisa mkono nyuma.

Mhungaria Peter Medgyes, ambaye naye Kiingereza alijifunza tu kama sisi, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 1994: mwalimu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza anajua mashimo yaliko, kwa sababu alishawahi kutumbukia. Nilikisoma baada ya mjusi. Laiti ningekisoma kabla.

Sasa, ukisikia hivyo utadhani Hanoi walikuwa wanatusubiri kwa matarumbeta. Subiri kwanza.

Kiu ya Kiingereza ipo kweli. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS kule ni kama tiketi, vyuo vikuu vingi vinaupokea katika udahili, na Agosti 2024 chama tawala kilitoa maelekezo kwamba Kiingereza kifanywe hatua kwa hatua lugha ya pili mashuleni. Watu wenyewe wamepita milioni 100. Kila jioni watoto wanatoka shule, wanakula mkate wa bánh mì juu ya pikipiki ya mzazi, wanaingia kituo cha lugha saa kumi na moja na nusu, wanatoka saa tatu usiku. Jumamosi na Jumapili ni kutwa. Ukitaka kazi hii, zisahau jioni zako na wikendi zako.

Ila matangazo ya kazi yana sentensi moja inayojirudia: anatakiwa mzungumzaji mzawa. Na picha iambatanishwe. Picha, msikilizaji! Si sauti. Korea Kusini wameweka wazi kabisa: viza yao ya walimu wa Kiingereza kwa kawaida ni kwa wenye pasipoti za nchi saba, yaani Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Vietnam mlango haujafungwa hivyo, lakini mlinzi yupo. Kule Mzungu anaitwa Tây. Mimi waliniita Tây đen, yaani Mzungu mweusi. Kwa mara ya kwanza maishani nikawa Mzungu, na bado haikutosha.

Kituo cha kwanza kilichonichukua, ambacho sitakitaja, kilinipa masharti mawili. Mshahara kwa saa, na nikiulizwa na mzazi nitokako, niseme Marekani. Meneja alikuwa na uso mkunjufu. Alisema wazazi hawanunui somo, wananunua pasipoti. Nilikuwa nimebakiwa na pesa za kula wiki tatu. Nikakubali.

Naam, nilikubali. Mkinicheka ni haki yenu.

Kwa wiki tano nilikuwa mtu wa Chicago. Watoto wakauliza theluji ikoje, nikawaeleza theluji nisiyoigusa. Jioni moja mama alinipigia simu kutoka Tanga, nikatoka kwenye ngazi kuongea naye. Ndiyo mama, nimekula. Hapana, si baridi sana. Ndiyo, naswali. Kulikuwa na baba mmoja amesimama ngazini anamsubiri mwanawe, helmeti kwapani. Nilipokata simu alikuwa ananitazama, mdomo wazi. Akasema: "Mambo?"

Mdomo ukanisaliti tena: "Poa."

"Mtwara!" akasema. "Korosho!"

Alikuwa mfanyabiashara wa korosho. Vietnam wanabangua korosho za kuuza dunia nzima, na ghafi nyingi wanaifuata Afrika, Mtwara ikiwemo. Bwana yule alikuwa amekaa Mtwara misimu mitatu, anapajua Shangani, anamkumbuka na mama aliyekuwa akimuuzia samaki. Akanyoosha kidole mlangoni kwenye bango lenye picha yangu na bendera ya Marekani, akanyoosha kidole kwangu, akaanza kucheka mpaka helmeti ikamdondoka. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kwa Kivietnam neno moja ambalo wakati huo nilishalijua: kwa nini?

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikilikumbuka swali lile napata joto usoni.

Wiki iliyofuata nilileta ramani darasani, nikaweka kidole Tanga; yule mjusi niliwachorea baada ya hapo. Meneja alijua siku ileile. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao. Yule wa korosho alimleta na mpwa wake. Nilimalizia mwezi, nikalipwa pungufu ya saa kumi nilizofundisha, nikaondoka. Hakuna aliyenikimbiza njiani na noti yangu siku hiyo.

Kituo cha pili kilikuwa kidogo, eneo la Hà Đông, nilikuwa nakwenda kwa treni ya juu inayotoka Cát Linh. Mwenye nacho alikuwa mwalimu wa Kivietnam, mama wa makamo, Kiingereza chake amekisotea mwenyewe. Kwenye usaili hakuniuliza pasipoti kwanza. Aliuliza: mtoto anasema nai kwa nine na nai kwa nice, utafanyaje? Nikaomba kalamu ya ubao, nikamchorea mjusi.

Nilifundisha pale mpaka narudi nyumbani. Tarehe 20 Novemba kule ni Siku ya Mwalimu, na siku hiyo Hanoi inageuka bustani. Wanafunzi wa zamani wanakwenda na maua kwa walimu waliowafundisha miaka ishirini nyuma. Nilipata maua hadi nikaazima ndoo kwa bibi wa chai. Nikafikiria walimu wangu wa Tanga, na jinsi tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, inavyowapita kimya kwenye foleni ya benki. Nilimpigia mmoja wao usiku ule. Hakuamini kuwa nimempigia bila kuwa na shida.

Basi, dada wa Morogoro. Una shahada ya ualimu wa Kiingereza, na hiyo kule ni mali kuliko unavyodhani, maana kwa sisi tusio wazungumzaji wazawa ndiyo karatasi wanayoitafuta kwanza. Ongeza cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni. Chukua hati ya polisi ya kutokuwa na makosa ya jinai. Shahada na hati hiyo zigongwe mihuri Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Vietnam uliopo Dar es Salaam, kabla hujapanda ndege. Mhuri uliosahau Dar, kuutafuta ukiwa Hanoi ni miezi na nauli za watu. Wakikwambia njoo na viza ya utalii mengine tutamalizia huku, jua kwamba atakayefukuzwa nchini ni wewe, wao watabaki.

Na kuna jambo baya zaidi ya hilo. Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni karibu na Myawaddy, nchini Myanmar, mpakani na Thailand. Walikuwemo Wakenya, Waganda, Waethiopia. Wengi waliondoka makwao wakiamini wanakwenda kwenye kazi nzuri Thailand. Walipofika walivushwa mto, wakanyang'anywa pasipoti, wakakalishwa mbele ya kompyuta kuwatapeli watu wasiowajua, na anayegoma anapigwa. Miongoni mwao walikuwemo vijana wa shahada kama wewe, wamechoka kungoja kama wewe, na wengi wao wanajua Kiingereza. Hicho hasa ndicho kilichowafanya watafutwe.

Kwa hiyo kabla hujauza chochote, mwambie huyo aliyekuletea habari akupe barua ya kazi. Iangalie: ina jina la kituo, anwani ya mtaa, jina la mji, na aina ya viza watakayokuombea? Omba uongee kwa video na mwalimu mgeni aliyepo pale sasa hivi, si na wakala. Na uwaulize mapema, kwa maandishi, ukiulizwa na wazazi unatoka wapi utatakiwa kusema nini. Majibu yakikuridhisha nenda, na ubebe sweta mbili. Yasipokuridhisha, baki kwenye kibanda cha shemeji na uendelee kuomba. Namba yangu unayo. Barua hiyo nitumie niisome kabla hujakata tiketi.